Sahani ya Babu yenye ndege wa barafuni

Assalamu alaykum jamani. Mama Fatma na wanao, Bi Rehema na mguu wako, Khadija na kichanga, shemeji Omari, nyote nawasalimu. Sisi wazima, ila Babu.

Babu hajala tangu jana.

Mnamjua baba mkwe wangu, hakubali kula ila kwenye sahani yake nyeupe yenye ukingo wa buluu na yule ndege mnene wa barafuni. Alipewa na mpishi wa meli zamani za ukuli wake bandarini Kilindini. Meli yenyewe ilifika mwisho wa dunia, kwenye barafu tupu. Wauza vitu vya kale wa Ndia Kuu wameiulizia miaka na miaka, akawafukuza.

Jana sahani zilinipungukia. Nikaitia pilau hiyo ya Babu, nikaipeleka kwenye khitma huko Tononoka.

Sahani zangu zote nimezitia rangi ya kucha kwa chini zisipotee. Hii sikuitia, maana haikuwa ya kutoka nyumbani.

Leo nimerudi kuitafuta. Nikawaambia wanawake wa pale ina ndege. Wakaniletea ya jogoo.

"Kwani huyu si ndege, Mama Swaleh?"

Wakacheka. Mimi nikalia pale pale jikoni.

Nimempakulia Babu kwenye hiyo ya jogoo. Ameitazama, akaisukuma polepole.

"Mwanangu, huyu hajafika barafuni."



Uliyekuwa kwenye khitma, tafadhali tazama kabatini mwako uniarifu upesi. Nitaifuata mwenyewe.

Babu yuko mkekani. Ameshanawa mikono, anangoja.