Kwaya ya Mashineni

Leo asubuhi nimefungua gunia la mashudu ya alizeti, chakula cha kuku wangu, na harufu yake ikanirudisha utotoni, Bagara, kwenye mashine ya kukamulia mafuta.

Kwaya ya mtaa wetu ilifanyia mazoezi hapo kwa sababu mwenye mashine aliimba besi. Wala hakuizima, wateja walikuwa wakisubiri. Basi wakulima na wenye maduka waliimba juu ya ule mngurumo, nami nimekaa kwenye gunia lenye joto, karibu na mama, aliyewaongoza.

Siku ya mashindano mvua ikalipiga bati la ukumbi. Umeme ukakatika, spika zikazima. Kwaya mbili ziliimba, tukaona midomo tu.

“Mama, subirini ipungue!” jaji akapaza sauti.

“Ahsante, baba, lakini hii ni ndogo,” mama akamjibu, akainua mkono.

Wakaimba kama mashineni. Waliojibanza barazani wakaingia wamelowa, wakipiga vigelegele. Jaji akasimama. Mimi nikapanda juu ya benchi nikaimba nao, maana kila neno nililijua.

Mvua ndiyo iliyonyamaza kwanza.