Mpagazi Mwenye Wajukuu Tisa

Nianze na upuuzi wenyewe: niliandika kwa kalamu, ndani ya kitabu cha mwalimu, "Huyu ni koko yangu."

Kilikuwa kitabu kinene cha historia ya Kongo, kile ambacho siku hizi watu wanakibishania mpaka kwa kinyozi. Hapa Butembo, darasa letu zima lilikuwa na kimoja tu, mwalimu alikinunua mwenyewe. Tulikizungusha, siku mbili kwa kila mwanafunzi. Nilipofika kwa wapagazi waliobebeshwa masanduku ya jeshi katika vita vya Wazungu, nikakutana na jina la koko, baba ya mama.

Sasa, sisi Wanande tunaitwa kwa zamu ya kuzaliwa. Watoto wa pili wa kiume kama koko, karibu wote, jina moja. Ukiliita sokoni, njia nzima inageuka. Hilo nalijua tangu kunyonya, lakini utukufu ulishanipanda kichwani.

Aliyenifuata akayapiga mstari maneno yangu, akaandika: "Muongo. Ni wangu." Kitabu kiliporudi kwa mwalimu, mpagazi alikuwa na wajukuu tisa. Mmoja wao alimchorea kofia juu ya jina. Sawa, ni mimi.

Mwalimu akakifungia kabatini. "Hakitoki tena mpaka aliyeanza alete mama yake."

Jirani yangu wa benchi, msichana wa kutoka Mbau, alikuwa amebakiza siku moja tu akipate. "Koko yako alibeba masanduku," akaniambia, "wewe hata kubeba aibu kunakushinda."

Kesho yake nikamleta Mama, vumbi la maharage likiwa bado kwenye kitenge. Mwalimu akamwonyesha ukurasa. Akausoma polepole, akaugeuza, akasoma na uliofuata, mpaka tukaanza kukohoa.

"Mwalimu, koko ya huyu mutoto hapana huyu. Yeye alibaki Luofu, analima viazi. Baba ya koko njo alibebeshwa. Alirudi bega moja liko chini."

"Nani mwingine iko na habari kama hii kwao?" mwalimu akatuuliza.

Hakuna mkono. Jioni ile tulikwenda kuuliza nyumbani, na kwa wiki nzima watoto walileta vikaratasi vya kuingiza kati ya kurasa. Kitabu kilinenepa. Yule wa Mbau alikipata kikiwa hakifungiki vizuri, akakirudisha na vikaratasi vyake vinne.

Lakini siku ile ya ukurasa, mimi na Mama tukiwa njiani kurudi, nilingojea kofi. Mama akasema: "Umuambie mwalimu aniandike na mimi kwenye mustari ya kungojea kitabu. Nimeachia kusoma pale Wazungu wanaanza kupima mashamba, na sijajua kama tuliwaachia."