Mshale Usioshuka

Siku yangu ya kwanza kazini nilikatazwa kumwagilia maji. Nilikuwa nimefika Garissa kutoka Ngao, huko chini mtoni, kijana mwenye mikono iliyozoea mpunga. Nikapewa mpira wa maji, kisha nikaambiwa niuweke chini. Bwana Mtafiti, Mwingereza aliyeanzisha kituo chetu kidogo cha majaribio ya nyasi, alinisimamisha kando ya uwanja wa ukoka mbele ya ofisi, akanionyesha kipande cheupe cha jasi, kinene kama kidole gumba, chenye nyaya mbili.

"Hiki ndicho kitakachokuambia lini," alisema kwa Kiswahili chake cha vitabuni. "Wewe usifuate mazoea."

Ninyi mnaozika vihisi vya siku hizi, vile vinavyozungumza na simu, mtavicheka vifaa vyetu. Tulitoboa shimo kwa keekee hadi kwenye mizizi, tukakilowesha kipande cha jasi, tukakishindilia kwa tope ili hewa isibaki kando yake. Nyaya ziliachwa nje. Kila asubuhi nilizishikiza kwenye mita, kisanduku chenye betri na mshale. Udongo ukiwa na maji, jasi nayo hulowa, umeme hupita, mshale hupanda. Udongo ukikauka mshale hushuka, na ukifika chini ya alama nyekundu ndipo pampu inawashwa. Ukoka unaonyweshwa kila siku huwa mvivu, mizizi yake inabaki juu juu. Nilijifunza kuusubirisha, na ukanawiri hata wageni wakawa wanavua viatu ili waukanyage. Nilijivunia sana ukoka ule, sifichi.

Mwenzangu wa pampu alikuwa Dahir, mwenyeji wa hapo hapo Garissa. Mama yake alikuwa na ng'ombe wachache, na kila alipopita kando ya ua wetu alinisalimu kama wafugaji wanavyosalimiana: kwanza hali yako, kisha hali ya mifugo yako. Mimi sikuwa na hata kuku, lakini mama yule hakuona sababu ya kuikata salamu katikati.

"Warran?" aliniuliza, yaani nipe habari. "Na majani yako? Naendelea fizuri?"

"Nabad, hooyo," nilimjibu, kwamba ni amani tu, mama. "Yanaendelea. Na Adey?"

Adey alikuwa ng'ombe wake mweupe, na ukimtaja huyo ulikuwa umejitafutia mazungumzo marefu.

Baada ya uhuru Bwana Mtafiti alirudi kwao, na vita vya kujitenga vikaanza. Aliyeshika nafasi yake, Bwana Msimamizi, alitoka nyanda za juu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa kulaumiwa, na wakati ule lawama zilikuwa nyingi. Barabara ilikuwa ya hatari, dizeli ililetwa na malori yaliyosindikizwa na askari, nayo ilikuja kidogo. Akatoa amri kwamba pampu isiwashwe isipokuwa mita imesema udongo umekauka. Mimi nilifurahi. Niliona sasa kazi yangu imeheshimiwa.

Halafu watu wakakusanywa katika vijiji vyenye walinzi, na mifugo iliyokutwa nje ya mipaka ikakamatwa. Kituo chetu kilikuwa na ua imara, basi ng'ombe wakaletwa humo, wakafungiwa juu ya ukoka wangu mpaka wenyewe wakamilishe mambo yao na wakubwa. Adey alikuwa mmoja wao. Mto Tana ulikuwa nyuma ya miti tu, lakini vichaka vya ukingoni vilipigwa marufuku, na aliyeonekana huko alihesabiwa adui. Maji pekee ya ng'ombe wale yalikuwa yale ya mabomba ya kumwagilia, na mabomba yalingoja pampu, na pampu ilingoja mshale.

Mshale haukushuka. Nilishikiza nyaya asubuhi, Dahir akiwa amesimama nyuma yangu, ananihemea shingoni.

"Leo naanguka?" aliuliza.

"Bado uko juu."

"Walaal, ndugu yangu, washa bambu. Ng'ombe iko na kiu. Si unaona na macho?"

Nilikuwa naona. Nikaenda kwa Bwana Msimamizi, nikamwambia ng'ombe wanalamba mabomba matupu, na ukoka wenyewe umeanza kugeuka njano.

"Umegeuka njano kwa kukanyagwa," alisema. "Mita inasemaje?"

"Inasema udongo una maji, bwana."

"Basi. Unataka nikaeleze huko juu kwamba nimechoma dizeli kwa sababu ng'ombe amenitazama?"

Mimi na Dahir tuliwabebea maji ya mgao wetu wa kuoga kwa madebe. Ng'ombe hatosheki na maji ya kuoga ya watu wawili. Mama alisimama nje ya ua na salamu yake ileile, nami nikamjibu nabad, kwa kuwa ndivyo inavyojibiwa. Adey alilala chini asubuhi moja na hakuinuka tena. Dahir aliniachia funguo za pampu, akamchukua mama yake, na nikasikia baadaye kwamba wamekwenda upande wa Diff.

Miaka ikapita, nikahamishiwa Rhamu, kwenye mashamba yanayonyweshwa kwa maji ya mto Daua. Siku moja Bwana Shamba wa huko alinionyesha kona iliyokuwa zizi zamani. Mahindi yalikuwa yamenyauka, na mshale uko juu kabisa. Akanieleza kwamba mikojo ya mifugo huacha chumvi, chumvi hupitisha umeme, na mita hudhani ni maji. Nilitoka nikaketi kwenye tuta, nikalia. Kumbe kila siku ambayo ng'ombe wale walikaa pale na kiu yao, wao wenyewe walikuwa wanauzuia mshale usishuke.

Nimewafundisha vijana wengi jambo hilo la chumvi. Wameliandika, wamelifanyia mtihani. Lakini nilitaka sana Dahir alisikie, na nilipostaafu nikaambiwa ana duka Habaswein. Nikapanda gari nikaenda. Ndevu zake zilikuwa nyekundu kwa hina. Alinikumbatia, akaniagizia chai ya maziwa ya ngamia, nami nikamweleza yote, jasi na chumvi na umeme.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Walaal," alisema, "kiu mimi niliona siku ya kwanza. Wewe uliona. Mkubwa yako aliona. Sasa hii chumfi nanisaidia nini?"

Nilikuwa nimeitunza habari ile miaka yote kama zawadi, na sasa nikaona aibu kuwa nimeibeba hadi pale.

"Hooyo alikufa huku, Mungu amrehemu," aliendelea. "Mbaka mwisho alikuwa nauliza wewe. Nasema, yule rafiki yako, majani yake iko hai?"

"Ukamwambia nini?"

"Mimi sijui. Nilisema iko hai. Ilikuwa hai?"

"Hapana," nikasema. "Yalikauka yote."

Dahir akatikisa kichwa, akanishika mkono, akanipa pole kwa ajili ya majani yangu. Ndipo nilipokumbuka kwamba kwa ajili ya Adey mimi sikuwahi kumpa pole, yeye wala mama yake.