Daftari Nililolisoma Uani

Mwaka ule sikukaa kitako. Asubuhi nilifundisha darasa la pili katika shule ya wasichana karibu na Mnazi Mmoja, mchana nilisahihisha madaftari nimesimama, na kila Jumamosi alasiri nilikimbilia darasa la chuo.

Chuo kikuu chenyewe kilikuwa ng'ambo ya ziwa, mwendo wa siku kadhaa kwa treni na meli, maana Tanganyika wakati ule haikuwa na chake. Lakini kilimtuma mwalimu mmoja Mwingereza aje atufundishe mwaka mzima sisi tuliokuwa kazini, katika ukumbi mmoja wa Kariakoo. Atakayefanya vizuri kuliko wenzake angependekezwa kupewa nafasi kule. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwanamke peke yangu kati ya wanafunzi kumi na wanne, na nafasi ile niliitaka mpaka usingizi ukanipaa.

Wenzangu wengi walikuwa walimu na makarani wa reli kutoka mtaa wa Gerezani. Alikuwapo pia kijana mmoja wa Kihindu, mtoto wa muuza vitambaa, aliyekaa peke yake mstari wa mbele kwa wiki tatu kabla hatujazoeana. Tulibishana juu ya kila kitu: kodi, historia, nani atawale nchi na lini. Tukitoka tunaendelea kubishana barabarani, baiskeli mkononi, mpaka wachuuzi wa sokoni wanatufukuza: "Nendeni huko! Mnaniziba."

Mwezi wa nne mwalimu akatupa kazi. Alisema, kwa Kiswahili chake cha kupima neno moja moja, "Mnasoma habari za miji ya watu. Mji wenu ameuandika nani?" Kila mmoja achukue mtaa wake, aende nyumba kwa nyumba, aulize watu wametoka wapi, wanaishi vipi, wanafanya kazi gani, na ayaandike yote kwenye daftari.

Wanaume waliishia barazani. Wakajibiwa, "Mwenye nyumba hayupo," na mwenye nyumba ndiye aliyejibu. Yule kijana wa Kihindu walimdhania mpelelezi, akarudi na ramani nzuri ya mtaa isiyokuwa na mtu hata mmoja ndani yake. Mimi niliambiwa, "Pita ndani, mwalimu," nikavushwa ukumbi wa nyumba hadi uani, kwenye majiko na kamba za nguo, nikapewa kigoda. Huko wanawake walizungumza. Nilisaidia kuchambua mchele huku nikiuliza, kisha nikageuka pembeni kuandika. Nilijaza kurasa kama mtu anayekimbizwa.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi mjane mmoja wa bara, mpangaji wa chumba cha nyuma. Mtaa mzima tulimwita Shangazi. Aliniambia habari za safari yake, za watoto wawili aliowazika, na mwisho, akipunguza sauti, akaniambia kwamba anapika pombe ya mtama na kuiuza bila ruhusa. Akanionyesha na mitungi ilipofichwa, nyuma ya kuni.

"Nimekwambia wewe," alisema, "kwa sababu mama yako namheshimu."

Nikaandika. Yote, hata zile kuni.

Mwalimu alipoisoma kazi yangu alisema hajapata kuona kitu kama kile. Angependa daftari lipelekwe chuoni, lipigwe chapa, na nakala ziwekwe mahali ambapo wakubwa wa mji wangeweza kuzisoma. Nilifurahi siku moja nzima. Siku ya pili nikaikumbuka mitungi ya Shangazi. Nilimwomba daftari kwa wiki moja, nikasema nataka kusafisha mwandiko.

Kabla wiki haijaisha, bwana afya na askari wawili waliingia nyumba ile ya tatu mchana kweupe. Walikwenda moja kwa moja hadi kwenye kuni. Mitungi ikapasuliwa uani, na Shangazi akachukuliwa. Alirudi baada ya siku mbili, hakusema na mtu.

Daftari lilikuwa kwangu, chini ya mto. Hakuna mtu wa serikali aliyekuwa ameliona. Lakini nani angeamini? Nilikuwa nimezunguka mtaa mzima na kalamu. Kesho yake nilipita barazani, nikasalimia, "Shikamoo, mama," na mwanamke aliyemzidi mama yangu umri akatazama upande wa pili. Shikamoo yangu ikabaki hewani. Nyumbani mama alinipakulia chakula bila kuniangalia.

"Ulimwandika?" aliniuliza hatimaye.

"Nilimwandika. Lakini sikumpa mtu."

"Basi kawaambie wao. Mimi nikusaidie nini?"

Sikulala, sikula, darasani niliwakaripia watoto bila sababu. Jumapili asubuhi nilichukua daftari nikaenda nyumba ile. Wanawake walikuwa uani wakifua. Hakuna aliyenikaribisha. Nikakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, nikafungua ukurasa wa kwanza, nikaanza kusoma kwa sauti.

Mwanzoni walifua tu. Kisha mmoja akasema, "Hapo umekosea. Sikuja na mume wangu. Nilikwambia hivyo kwa sababu wifi yangu alikuwa amekaa hapa." Wakacheka. Mwingine akasema watoto wake ni watano, si wanne. Mmoja yuko kwa bibi yake, kwani amekufa? Nikafuta, nikaandika upya. Wakaanza kusogea. Nilipofika ukurasa wa Shangazi, nilisita. Yeye alikuwa mlangoni kwake, mikono imejaa povu.

"Soma," alisema.

Nikasoma. Watoto waliozikwa, mitungi, kuni. Nilipomaliza akaja akasimama mbele yangu.

"Maneno ni yangu kweli. Lakini nilikupa uyajue, sikukupa uyagawe."

Akanyoosha mkono. Nikauchana ule ukurasa nikampa. Akaukunja, akautia kifuani, akarudi kwenye nguo zake.

Nilirudisha daftari kwa mwalimu likiwa na ukurasa pungufu. Aliona mara moja mahali palipochanika.

"Hapa ndipo palipokuwa na kiini cha kazi yako," alisema. "Kiko wapi?"

"Mwenyewe amekichukua."

Hakukasirika, na pengine ningeona nafuu kama angekasirika. Mwisho wa mwaka nafasi ilipewa karani mmoja wa Gerezani, kijana mwenye akili kwelikweli. Tulikwenda wote stesheni kumsindikiza. Nilipunga mkono kama wengine, kisha nikatembea hadi Ilala na kurudi, kwa sababu nyumbani nisingeweza kukaa.

Shangazi alihama kabla ya mvua, hakutuaga. Nilikutana naye mwaka uliofuata sokoni Buguruni, anauza mihogo. Nusura nipite, kisha nikamwamkia.

"Marahaba," alijibu. "Njoo hapa. Unajua nani alinisemea?"

"Sijui, Shangazi."

"Mpangaji mwenzangu. Tuligombana juu ya jiko. Nilijua siku ileile waliponichukua."

Nilimkazia macho. "Ulijua? Na watu wote waliokuwa wananitupia lawama?"

"Nilikuwa na hasira nawe," alisema, akipanga mihogo yake. "Kwa ule ukurasa. Hasira ya haki. Sikuona sababu ya kuwaambia."

Alinichagulia mihogo mitatu minene, akakataa katakata kulipwa, nikarudi Kariakoo kwa miguu nikiwa nimeikumbatia.