Aliyemfundisha Nyota Kujitokeza

Wenzake katika jumba la viumbe vya baharini walimwita Profesa, na hakuwahi kugundua kwamba wanamcheka. Kazi yake ilikuwa kusafisha matangi ya vioo na kuwalisha waliomo. Katika tangi la matumbawe aliishi nyota mwembamba wa bahari, mwenye mikono mitano ya miiba ambayo ukiishika tu inakatika. Mnyama huyu kwa kawaida huogopa mwanga: mchana kutwa yuko chini ya jiwe, na wageni huondoka wakinung'unika kwamba wameonyeshwa mawe.

Wa Profesa alijitokeza mchana kweupe, akatambaa na kupapasa kioo. Watu walijaa. Mkurugenzi akauliza siri ni nini.

"Mafunzo, bosi," Profesa akajibu, kifua mbele. "Huyu ananielewa."

Uongo mtupu! Mnyama alikuwa na njaa. Kamba wabichi walionunuliwa kwa ajili yake walisafiri kila siku ndani ya mfuko wa Profesa kwenda kukaangwa kwake, na maskini yule alitoka kutafuta makombo. Kama una huruma, mwonee yeye.

Ikapangwa siku ya kumtangaza Profesa kuwa mkuu wa matangi yote. Akaazima koti la shemeji yake, akamwalika mama mkwe, ambaye miaka yote alilalamika kwamba binti yake kaolewa na msafisha vioo. Leo atakoma! Akamketisha chumba cha nyuma, penye mfuniko wa tangi, amlindie mfuko. Ndiyo, hata siku hiyo mzigo ulikuwamo.

Wageni wakajipanga mbele ya kioo. Mawe matupu. Profesa akagonga kwa ukucha, akabembeleza: "Njoo, mwanangu, njoo." Mawe vilevile. Jasho likalowanisha koti la watu.

"Yuko wapi?" mkurugenzi akauliza.

Mama mkwe akachungulia mlangoni, uso umejaa upendo aliouanza asubuhi ile.

"Usimsumbue, mkwe wangu, ameshiba huyo. Nimekuta chakula chake mfukoni mwako, pakiti imeandikwa "nyota wa bahari", nikajua kwa mihangaiko ya leo umesahau. Nimemmwagia. Amekula, kajiendea zake chini ya jiwe." Akamgeukia mkurugenzi kwa fahari. "Mnawalisha vizuri, baba. Ni kamba walewale tunaopikiwa kwa mkwe wangu kila nikienda."

Mkurugenzi akamkazia Profesa macho. Profesa alitamani kuingia chini ya jiwe, lakini lililokuwapo lilikuwa na mwenyewe.