Mashine na Mbegu Katika Ghala Moja la Kibirichia

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu wa Mlima Kenya haujaondoka Kibirichia. Silas Mwongera anasukuma mlango wa ghala lake la mabati kwa goti, kwa kuwa mkono mmoja umeshika chupa ya mafuta na mwingine kitambaa.

Anainama juu ya mashine yake ya kukereza vyuma na kupitisha kiganja polepole kwenye kitanda chake. Kitanda ni zile reli mbili ndefu za chuma ambazo kisu cha kukatia hutembea juu yake. Anatafuta unyevu. Anapokosa, anapumua.

"Leo pamekauka," anasema, na kuanza kupaka mafuta.

Mashine hiyo ni ndefu kuliko mtu mzima aliyelala, na uzito wake ni karibu kilo mia tisa. Mwongera, mwenye umri wa miaka hamsini na minne, huitumia kutengeneza pini ndogo, magurudumu madogo ya mikanda na bushi, zile pete nene zinazoshika pini, kwa magari ambayo spea zake haziuzwi tena dukani. Wateja wake wanatoka hapa Buuri, na wengine huja kutoka mbali kama Manyatta, karibu na mji wa Embu.

Kabla hajamaliza kupaka mafuta, mlango unafunguliwa tena. Ni mke wake, Jenifa Karwirwa, jembe begani.

"Siku kumi na tisa, Baba Kanana."

"Nimesikia, Mama Kanana."

"Jana zilikuwa ishirini."

"Hata jana nilisikia."

Karwirwa anatazama kuta za ghala, anaitazama mashine, kisha anakwenda shambani. Baada ya siku kumi na tisa viazi vyao vitachimbwa, na ghala hili lilijengwa kwa ajili ya mbegu za viazi. Mashine ilikuja baadaye.

Mwongera hakusomea kazi hii. Alipomaliza darasa la nane alikwenda Embu na kuajiriwa kuosha vyuma kwa petroli katika gereji ya mzee mmoja aitwaye Muriithi. Alikaa huko miaka kumi na mmoja, akawa makanika.

"Kitu kilichonichosha ni kungoja," anasema. "Gari linakuja, limeharibika kitu kidogo kama kifuniko cha chupa. Tunaagiza Nairobi. Wiki inaisha. Mwenye gari anakuja kila siku kukaa kwenye tairi na kututazama."

Jirani na gereji kulikuwa na karakana yenye mashine ya kukereza. Kila alipotumwa huko, Mwongera alisimama nyuma ya fundi na kutazama mikono yake. Hakuuliza maswali. Jioni alichora alichokiona kwenye daftari la hesabu la shule, ambalo bado analo.

Mashine yake mwenyewe aliikuta miaka mitatu iliyopita, katika shamba la zamani la ngano upande wa Timau. Ilikuwa imelala chini ya mikaratusi, mota imeng'olewa, kuku wametaga ndani ya sanduku la gia. Mnunuzi wa vyuma vikuukuu alikuwa amekwisha kuipima kwa macho. Mwongera alimwongezea mwenye shamba shilingi elfu tatu juu ya bei ya huyo mnunuzi, akauza ndama, akaileta nyumbani kwa trekta.

"Watu walitoka kanisani wakasimama barabarani," anakumbuka Karwirwa. "Mmoja akaniuliza, 'Mama Kanana, mzee ameleta kaburi la chuma?' Nikamwambia ndiyo, na nafikiri ni mimi nitazikwa ndani."

Mota aliipata kwenye kinu cha unga kilichofungwa. Gia mbili zilizovunjika meno alizichonga upya kwa tupa, jino baada ya jino. Lakini ugonjwa mkubwa wa mashine ulikuwa kitandani. Kwa miaka mingi kisu kilitembea sehemu moja, na chuma hapo kikalika kama ngazi ya nyumba ya zamani. Kila alichokereza kilitoka kinene upande mmoja na chembamba upande mwingine.

Kukinyoosha kiwandani kungegharimu zaidi ya mashine yenyewe. Mwongera akaazima rula nzito ya chuma kwa Muriithi, akasaga buluu ya kufulia nguo ndani ya mafuta, akaipaka rula na kuisugua juu ya kitanda. Palipoinuka palishika buluu. Hapo alipakwangua kwa tupa ya zamani iliyonolewa ncha, akafuta, akapaka tena.

Alifanya hivyo kwa miezi saba.

"Unaondoa kitu usichokiona," anaeleza. "Ukiwa na hasira, usiguse. Mkono wenye hasira unachimba shimo, na shimo huwezi kulirudisha."

Hata baada ya hapo alikosea. Bushi yake ya kwanza ilikuwa ya gari la mwalimu mmoja, Koome. Aliipima ingali moto kutoka kwenye kisu, ikaonekana sawasawa kabisa. Ilipopoa katika baridi ya Kibirichia ilinywea kwa unene wa unywele. Unywele huo ulitosha kuifanya icheze na kutoka njiani.

"Mwalimu hakugomba," anasema Mwongera. "Alikuja na kitambaa, akakifungua mezani, akaniambia, 'Fundi, nafikiri hii ni yako.' Heri angenitukana."

Kosa lililoumiza nyumba nzima, hata hivyo, lilitokea mwaka jana.

Mashine ilipoingia ghalani, mbegu zilikosa pa kukaa. Kwa misimu miwili Karwirwa aliuza viazi vyote siku ya kuvichimba, gunia shilingi elfu moja na mia tano, halafu wakati wa kupanda akanunua mbegu kwa zaidi ya mara mbili ya bei hiyo. Msimu wa tatu wakakubaliana kugawana. Upande wa kushoto mashine, upande wa kulia mbegu kwenye rafu za mbao, na katikati pazia la nailoni.

Juma hilohilo Mwongera aliitwa Embu kusaidia kazi katika gereji ya zamani. Alikaa siku kumi na sita. Aliporudi, kitanda cha mashine kilikuwa chekundu kutoka mwanzo hadi mwisho.

Viazi hupumua. Hutoa unyevu kama watu waliolala katika chumba kisicho na dirisha, na ule unyevu ulipanda, ukagonga mabati yenye baridi, ukadondoka juu ya chuma kilichokwanguliwa miezi saba.

"Mimi nimezaliwa kwenye viazi," anasema Mwongera, akitikisa kichwa. "Mama yangu alikuwa akitufundisha kuweka majani makavu juu ya viazi ili yanywe jasho lake. Nilijua. Lakini nilikuwa nafikiria gia."

Karwirwa naye alipoteza. Mvuke wa mafuta ya taa ya kusafishia vyuma ulikuwa umepita pazia na kuingia kwenye rafu zake. Magunia manne ya mbegu yalichipua vibaya, na zile walizojaribu kupika zilinuka mafuta ya taa.

"Tulikaa hapo mlangoni, yeye na kutu yake, mimi na viazi vyangu," anasema. "Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Tungeanzia wapi?"

Kuondoa kutu kulimchukua Mwongera miezi mitatu. Tangu hapo wote wawili wanajua kuwa ghala litachukua kimoja tu. Kujenga lingine hawawezi kabla ya mavuno, na mavuno bila ghala yataondoka yote na lori la kwanza, kama miaka iliyopita. Nje, chini ya turubai, mashine haitamaliza mvua za Machi.

Saa nne hivi, mwenye lori anafika mwenyewe. Kasim Idrisi, mfanyabiashara wa viazi kutoka mjini Meru, amebeba gunia lenye mikono miwili ya chuma ya magurudumu ya mbele. Lori lake limesimama juu ya mawe kando ya barabara tangu Jumatatu. Bushi nne zinazoshika kingpini, ile pini nene ambayo gurudumu huzungukia linapokata kona, zimekwisha kabisa.

"Fundi, salama? Nimezunguka Meru yote. Wananiambia lori hili limezaliwa kabla yao."

"Basi liheshimu," anasema Mwongera, na kuwasha mota.

Shaba aliyoibana kwenye mashine inazunguka. Kisu kinagusa, na nyuzi za rangi ya dhahabu zinaanza kujikunja na kuanguka. Baada ya nusu saa bushi ya kwanza imetoka. Mwongera haipimi. Anaiweka sakafuni, anafungua chupa ya chai na kumimina vikombe viwili.

"Sasa unakunywa chai ama unatengeneza gari?" anauliza Kasim.

"Natengeneza gari."

"Mimi naona kikombe."

"Hicho kikombe ndicho kinapima. Kunywa, Kasim."

Chai inapokwisha, bushi imepoa. Mwongera anaipima mara tatu, anairudisha kwenye mashine na kuondoa unyuzi mmoja usioonekana vizuri. Anaibana kwa jiriwa, inaingia kwenye mkono wa gurudumu kwa kusuasua, na pini inapita ndani yake kwa kusukumwa na kiganja tu. Kasim anaisukuma, anaivuta, anaisukuma tena kama mtoto aliyepata mlango mpya.

"Wallahi, haichezi!"

"Bado tatu," anasema Mwongera. Kisha, macho yake yakiwa kwenye jiriwa, anaongeza, "Ni vizuri umekuja leo. Wiki ijayo ungekuta nimeifungua."

"Kufungua nini?"

"Mashine. Naitoa. Mbegu ndizo zenye ghala."

Hakuwa amemwambia mtu yeyote. Karwirwa, ambaye ameingia kuchukua debe, anasimama na debe mkononi.

"Unaipeleka wapi?" anauliza.

"Kwa Muriithi, Embu. Ana nafasi. Nitakuwa nikienda huko Jumatatu na kurudi Jumamosi."

"Miaka kumi na mmoja ulikaa Embu, Baba Kanana. Nilikuoa nikidhani umerudi."

"Wewe ndiye ulinioa?" anauliza Mwongera, na Kasim anacheka hadi anaketi juu ya gunia.

Karwirwa hacheki. Anaweka debe chini. "Njoo," anamwambia mumewe. "Na wewe Kasim njoo, kwa vile umeshasikia."

Anawaongoza hadi jikoni kwake, nyumba ya mbao iliyosimama peke yake upande wa pili wa uwanja. Ndani, moshi wa miaka mingi umepaka boriti rangi nyeusi inayong'aa. Kwenye ukuta kuna panga la marehemu baba mkwe wake, limening'inizwa kwa msumari.

"Litazame," anasema Karwirwa. "Tangu azikwe halijapakwa mafuta. Lina kutu?"

Mwongera analitungua, analigeuza kwenye mwanga wa mlango. Halina.

"Hapa ndipo mahali pakavu kuliko pote katika boma hili," anasema Karwirwa. "Viazi vikae huko ghalani, na mashine ije huku."

"Lakini majivu, Mama Kanana. Majivu yakiingia kwenye mafuta yanasaga chuma kama mchanga. Jiko na mashine haviwezi kukaa pamoja."

"Nani amesema vikae pamoja? Mimi nitapika kwenye kile kibanda cha kuni. Nitakizungushia mabati."

Mwongera anageukia jiko. Mafiga matatu yaliyo katikati ya chumba yaliwekwa na mama yake, Ciakuthii, juma la kwanza Karwirwa alipoletwa hapa kama bibi arusi. Katika ukoo huu, mafiga ya mke hayaguswi na mwanamume, na hayahamishwi ila na mwenyewe.

"Una hakika?" anauliza.

"Mama angekuwa hai, angesema umenifukuza jikoni kwangu. Ningemjibu kwamba nimehama." Anachukua fimbo na kuanza kutawanya makaa ya asubuhi. "Lakini chimneyi unanitengenezea. Ya chuma. Sitaki moshi mwingine maishani."

"Nitakutengenezea."

"Na mlango wa hiki chumba ukae na kufuli. Sitaki kila dereva wa Meru ajue jiko langu lilikuwa wapi."

"Huyu mmoja ameshajua," anasema Kasim. "Kwa hiyo huyu mmoja atasaidia. Lori likisimama kwa miguu yake, nitaleta vijana wanne na mnyororo. Tutaivuta ikiwa imefunguliwa vipande."

Mwongera ameanza kuhesabu kimoyomoyo. Kufungua mashine ni siku tatu, kila skrubu ndani ya kopo lake. Kuipandisha tena na kuiweka sawa kwa pima maji, kisha kukikagua kitanda kwa rula na buluu ya kufulia, ni wiki sita hivi. Wakati wa kupanda, mwishoni mwa Machi, anatumaini itakuwa ikizunguka. Halafu anataka kutoishia kwenye bushi na pini ndogo, na kuanza kukereza kingpini zenyewe, ili mtu wa Kibirichia, au wa Manyatta, asilazimike kungoja Nairobi kwa ajili ya pini.

Karwirwa amejifunga leso kiunoni. Anayaondoa mafiga mwenyewe, moja baada ya jingine, akiyaviringisha kwa mguu hadi nje ya mlango. Hakuna anayejitolea kumsaidia, na haombi.

Palipokuwa na moto pamebaki duara la udongo mweusi na mwekundu. Mwongera anachukua mtaimbo, anauinua na kuuangusha katikati yake. Mtaimbo unaruka juu kama umegonga jiwe. Anajaribu pembeni, unazama kidole kizima. Anarudi katikati, unaruka tena.

"Hapa," anasema kwa sauti ya chini. "Miguu yake ikae hapa. Hapahitaji saruji nyingi."

"Nimepachoma miaka ishirini na tisa," anajibu Karwirwa kutoka nje. "Usinipasulie."