Ukungu Mvivu wa Hema la Chai

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya mifugo hapa Garissa sikushika darubini. Nilipewa ndoo, brashi na chupa za kuosha. Bwana Daktari, mkuu wetu, alinikuta nikitaka kumwaga moja iliyoota ukungu, akanizuia. "Kijana, kabla hujautupa, jiulize ulikuwa unakula nini." Nilidhani ananitania.

Nyinyi mlioingia kazini juzi mna mashine za kila kitu. Sisi tulikuwa na darubini moja, jiko la mafuta ya taa na pua zetu. Ilikuwa miaka ya vita vya shifta, waasi waliotaka eneo letu lijitenge na Kenya. Magari yalisafiri kwa msafara, na Msomali wa Bura aliyeajiriwa na serikali, kama mimi, hakuaminiwa na upande wowote.

Baada ya mvua, mahema ya kambi moja ya wajenzi wa barabara yalianza kuchanika. Ukivuta turubai kidogo, linaachia. Hema moja tu lilibaki imara, la muuza chai, Adeer Dubow. Adeer ni ami, na ndivyo tunavyomwita mzee yeyote wa heshima. Mkuu wa kambi akakata shauri kwamba mzee ameyamwagia mengine dawa kwa kutumwa na shifta. Msafara ujao ungempeleka kizuizini.

"Wallahi, dawa mimi sijui," aliniambia nilipotumwa na Bwana Daktari kuchukua vipande vya turubai tuvipime. "Mimi nabika chai tu. Nitaharibu mahali nakula?"

Nilimwamini, na niliogopa. Nikimtetea, nami nitaitwa shifta.

Nikaliangalia hema lake vizuri. Kumbe lilikuwa na ukungu mwingi kuliko mengine yote! Lilijaa pia madoa, maana wateja walimwaga mabaki ya vikombe kwenye turubai, na chai ya kwetu mnaijua ilivyo na sukari. Nilipomweleza Bwana Daktari, alicheka.

"Ukungu ni mvivu," alisema. "Turubai ni pamba, na pamba ni sukari iliyofungwa mafundo. Ili kuyafungua, ukungu hutengeneza kimeng'enya, kitu cha kuvunjia chakula. Ukikuta sukari tayari, ya nini kujisumbua? Lakini mkuu wa kambi hatakubali maneno. Mwonyeshe."

Tukatwaa turubai jipya, tukaotesha ukungu uleule kwenye vipande viwili. Kimoja tulikiweka katika maji yenye chumvi za kuuotesha, kingine katika maji hayohayo tuliyotia sukari. Vyote viwili vikaota ukungu. Mkuu wa kambi akaahidi kuja kuona msafara utakapofika.

Msafara ukachelewa. Barabarani kulikuwa na bomu la kutegwa. Hapo ndipo nilipokosa raha, kwani sukari ikiisha chupani, ukungu ungegeukia turubai. Vipande vyote vingechanika, na mzee angepotea.

"Ulishe," Bwana Daktari akaniambia. "Hema nalo lilimwagiwa kila siku."

Lakini sukari ya maabara ilikuwa imekwisha, na dukani hakuna. Nikaenda kwa Adeer Dubow.

"Ya nini?"

"Ya ukungu, adeer."

Akanitazama kama mtu aliyerukwa na akili. "Watu wanakosa chai, wewe unalisha ukungu?" Hata hivyo akafungua kifuko chake cha mwisho, akanipa chote.

Msafara ulipofika, mkuu wa kambi alivuta kipande cha kwanza, kisicho na sukari, kikakatika mkononi. Cha pili, cha sukari, alikivuta kwa mikono miwili mpaka akatokwa jasho. Hakikuachia. Akakirudisha mezani, akasema, "Mwacheni mzee."

Nilifanya kazi miaka mingi baadaye, hadi Wajir, na nikastaafu salama. Sasa wataalamu wanasema ndani ya ukungu kuna jeni, maagizo ya kutengeneza kile kimeng'enya. Sukari ikiwapo maagizo hayo huzimwa, na ikiisha, huwashwa. Bwana Daktari angefurahi kuyasikia haya.

Mimi daktari wa hospitali amenikataza sukari. Wajukuu hunionea huruma wakiniletea chai chungu. Huwaambia ndiyo niliyoinywa siku ile hemani, na mkuu wa kambi akiwa amekaa nasi, akikunja uso kwa kila funda. Adeer Dubow aliipika mwenyewe, mtu huru, na hakuwa na hata chembe ya sukari ya kututilia.